Gedion Ndululu Muindi na Ukuta wa Maktaba ya Itumba

Familia ilibishana kwa siku nzima kama habari hizi zote zisomwe mbele ya kaburi. Wapo waliotaka yasomwe ya kanisani na ya kazini tu, kisha watu wale chakula, waende. Mjane, Mama Katunge, aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akasema, "Msomeni vile alikuwa. Mkimpaka chokaa, hata Mungu atauliza huyu ni nani." Basi yaliyomo humu ni ya kweli, na atakayeona haya na ainamishe kichwa.

Marehemu Gedion Ndululu Muindi alizaliwa Ikutha, Kitui Kusini, tarehe 14 Aprili 1962. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Muindi na mama Mutindi, wote wametangulia. Boma lao lilikuwa juu ya mto wa mchanga, ule ambao hutiririka wiki chache kwa mwaka kisha hurudi chini ya ardhi, na watu huufuata huko kwa jembe. Kila boma lilichimba kisima chake mtoni na kukizungushia miiba. Desturi ilikuwa wazi: aliyechimba hunywesha kwanza, lakini mwenye kiu hanyimwi. Ndululu aliikuta desturi hiyo ikiwa hai, na aliiona ikiuawa.

Ilikuwa Oktoba 1974, mwaka wa ukame. Kisima kilikuwa kimeshuka mpaka kikamzidi mtu mzima kimo mara mbili. Ndululu alikuwa chini kabisa, akiyachota maji kwa kibuyu na kumpa kaka yake Mutisya aliyekuwa juu. Wakaja watu wa boma la jirani na ng'ombe wao.

"Mkimaliza, sisi," mmoja alisema.

"Tukimaliza, ng'ombe wetu," Mutisya akajibu. "Nyinyi chimbeni chenu."

"Maji ni ya Mungu, kijana."

"Na jembe ni la baba yangu."

Jembe hilo hilo lilikuwa limelazwa kwenye ukingo. Mtu yule aliliokota akampiga nalo Mutisya nyuma ya sikio. Mutisya alianguka kichwa chini ndani ya kisima, juu ya mdogo wake, akafia hapo. Ndululu alibaki amebanwa chini ya maiti ya kaka yake, maji yakiwa yamemfika kidevuni, mpaka baba yao alipofika na kamba. Walipowatoa wote wawili, maji yalikuwa mekundu. Ng'ombe waliyanywa hivyo hivyo. Jambo hilo Ndululu aliliona, na hakulisimulia mpaka alipokuwa mzee.

Wazee wa ukoo walikaa, damu ikalipwa kwa mifugo kama ilivyo mila, na watu wakaambiwa wasalimiane. Mama Mutindi hakuwahi kunywa maziwa ya ng'ombe wale.

Ndululu alisoma shule ya msingi hapo Ikutha akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1977. Mwaka uliofuata alijiunga na shule ya upili ya bweni upande wa Makueni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1981. Wanaosema alikuwa mwanafunzi mpole hawakusoma naye. Alichapwa sana, na yeye alichapa wenzake. Kiranja mmoja aliyemwaga maji ya wadogo kwa mchezo alipoteza meno mawili ya mbele. Wokovu aliupata baadaye, na hasira haikuondoka siku hiyo hiyo. Mwaka 1983 alienda Nairobi kusomea ujenzi katika chuo cha ufundi, akahitimu na diploma mwaka 1985. Mwalimu wake alipofundisha kwamba kazi ya paa ni kufukuza maji, Ndululu aliinua mkono akauliza, "Sasa mwalimu, na sisi ambao tunayatafuta?" Darasa likacheka. Yeye hakuwa anatania.

Kazi ya kwanza ilikuwa Kambu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, kumjengea tajiri mmoja safu ya maduka. Tajiri huyo alipunguza simiti kwa siri na kuleta mchanga wenye udongo. Ndululu alimwonya mara mbili. Siku ya kufunga renta, ile zege ya juu ya milango, ukuta ulilala chini na kumfunika kibarua mmoja, mtu wa watoto wanne. Walipomfukua, kifua kilikuwa kimebonyea kama debe. Tajiri alifika, akatazama, akauliza kwanza kama mbao za renta zimevunjika. Ndululu alikuwa na mwiko wa uashi mkononi. Alimpiga nao usoni, taya likavunjika mahali pawili. Alifungwa miezi sita, na alitoka mwaka 1987. Tajiri hakufungwa siku hata moja. Aliyeua kwa ubahili alirudi dukani, na aliyepiga kwa uchungu alienda jela. Lakini jela ile ilikuwa haki yake, na mwenyewe alisema hivyo. Kupiga mtu si hukumu.

Mwaka 1988 alihamia Migwani kujenga madarasa, na huko alimpata Katunge, binti wa mzee Ndolo. Siku alipopelekwa na wazee kujitambulisha, wageni waliketi sebuleni wakangoja chai. Ndululu aliinuka, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena.

"Unatafuta nini kwa ukuta wangu?" mzee Ndolo akauliza.

"Nau, baba yangu, hii nyumba inaelekea kwa jirani. Mvua mbili, tatu hivi, itakuwa yake."

Alifukuzwa pamoja na wazee wake, chai haijanywewa. Baada ya wiki alirudi peke yake na punda wanne waliobeba mawe, akaushikiza ukuta ule bila kusalimia mtu. Alipomaliza, mzee alimwambia, "Haya, ingia. Lakini usiguse kitu." Walifunga ndoa kanisani Migwani tarehe 15 Desemba 1990, na nyumba ya mzee Ndolo imesimama mpaka leo.

Mwanzoni mwa 1993 Chuo cha Ualimu cha Itumba, kilicho kilimani juu ya Migwani, kilitaka maktaba. Ndululu alipewa kuichora na kuisimamia. Wengi mmeingia humo bila kujua mnatazama nini. Jengo ni refu na jembamba, limelala mashariki kwa magharibi, ili jua lipige ncha mbili tu na lisichome vitabu. Kuta ni za mawe ya kilima hicho hicho, unene wa mkono mzima. Chini ni rafu, juu ni roshani ya kusomea inayozunguka pande zote, ikibebwa na nguzo za ndani na ule ukuta wa magharibi. Paa halikuinuka katikati kama mapaa mengine. Liliinama kwa ndani, pande mbili zikitazamana kama viganja vya mtu anayenawa, na mvua yote ya paa ilishuka katikati, ikapita ndani ya nguzo, ikaingia tangi lililochimbwa chini ya sakafu. Nyumba ilikuwa ya vitabu juu na ya maji chini. Maji hayo ndiyo yaliyoweka ubaridi ndani hata mwezi wa Februari.

Lakini mawe, mchanga na maji ya kukorogea vilihitaji mabega, na shamba la kujengea lilihitaji kutolewa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Syokau, mjane, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa mwethya wa Wikwatyo, kikundi cha akina mama waliosaidiana kulima na kujenga. Mkutano ulikaa hapo penye msingi.

"Tutabeba," Syokau alisema. "Kubeba tunajua. Lakini vitabu ni vya watoto wa watu. Sisi tutasoma nini, nyayo zetu?"

Wanawake wakacheka. Ndululu akawachorea ardhini kwa fimbo. "Mwaitu, mama yetu, hii nyumba inakunywa mvua. Tangi ni hapa. Bomba linatoka hapa, ukuta wa magharibi, upande wa njia yenu, kilima kinaposhuka. Mnateka bila kuuliza mtu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nyumba ianguke."

Wazee walitaka kiapo cha kithitu, kile cha mila kinachoua anayekivunja, kipigwe. Ndululu alikataa, kwa kuwa alikuwa ameokoka, na alikataa vizuri. Syokau akawaambia wazee, "Kithitu cha nini? Kila mama ataleta jiwe moja kutoka shamba lake, liingie ukutani. Maji yakikatwa, kila mama anakuja kuchukua jiwe lake." Watu wote walicheka, na Ndululu akacheka nao. Alidhani ni utani. Mtu aliyesoma hapaswi kucheka ahadi asiyoielewa.

Mawe hayo aliyaweka mistari miwili ya chini kabisa ya ukuta wa magharibi, nyuso zikitazama nje. Mkuu wa chuo alitaka yapigwe lipu. Ndululu alikataa, akisema kila mama aone lake. Fundi wa mabomba alikuwa Abubakar, mtu wa Mwingi ambaye babu yake alitoka pwani, rafiki yake mpaka mwisho. Abubakar aliyatazama yale mawe akatikisa kichwa.

"Shekhe, umewaachia hawa akina mama mshikio. Siku wakikasirika hawatafuti mlango."

"Kwa nini wakasirike?"

"Mimi nafunga mabomba, bwana. Anayeyafungua leo ndiye huyafunga kesho; najua mkono wa binadamu."

Tangi lilipochimbwa, mwezi wa tano 1994, mvua isiyotazamiwa ilishuka kwa kishindo. Upande mmoja wa shimo ukaporomoka juu ya wanawake waliokuwa chini wakijaza karai. Ndululu aliruka ndani akafukua kwa mikono, kucha zikatoka. Wengine walitolewa hai. Wawili walitolewa wamekufa, midomo imejaa udongo, na mmoja wao alikuwa Muthoki, binti wa Syokau. Kila mtu alidhani mwethya utavunjika. Baada ya maziko Syokau alirudi na karai lake. Alimwambia Ndululu neno moja tu: "Sasa hayo maji nimeyanunua." Maktaba ilifunguliwa tarehe 8 Juni 1996, na mvua za mwaka uliofuata zilipoanguka, bomba la magharibi lilitoa maji. Lilitoa maji miaka zaidi ya ishirini. Watu wa Itumba walioga, walinyonyesha, walizika, wote kwa paa hilo.

Chuo kilipandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2014, na Ndululu akafanywa msimamizi wa majengo. Mwaka 2019 uongozi mpya ulizungusha ua, ukasema watu wa nje wanaharibu usalama. Bomba likakatwa, tundu likazibwa kwa zege. Ndululu alienda ofisini kwa wakubwa.

"Bwana Ndululu, hii ni taasisi, si kijiji."

"Taasisi imejengwa na kijiji, mheshimiwa. Kuna watu walikufa kwa hilo shimo."

"Hayo yameandikwa wapi?"

Hayakuwa yameandikwa. Alitoka, akahamishiwa ukarabati wa vyoo vya mabweni, na akanyamaza. Familia haitaficha: alinyamaza miaka mitatu. Kustaafu kulikuwa karibu, watoto walikuwa bado shuleni, na alijipa sababu hizo kila asubuhi alipovaa viatu. Wanawake walipompita sokoni Migwani walimsalimia, "Wakya ata, mwenye nyumba?" Alijibu salamu akitazama chini. Heshima ya mtu haiuawi na adui tu. Kunyamaza kwake mwenyewe kunatosha. Alistaafu Aprili 2022.

Mwaka huo mnaukumbuka. Mvua zilikuwa zimekosa misimu mfululizo. Punda walikufa njiani wakiwa na mitungi mgongoni. Chini ya maktaba tangi lilikuwa na maji, kwa kuwa paa lilikuwa kubwa na wanywaji walikuwa wachache. Hilo kila mtu alilijua.

Alhamisi tarehe 22 Septemba 2022, asubuhi, Syokau alipanda kilimani na mwethya wake. Alikuwa amepita miaka themanini. Hawakubeba mitungi. Walibeba mitalimbo na majembe. Walipita penye ua uliokuwa umebomoka, wakaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa magharibi, kila mama akasimama mbele ya jiwe lake. Wengine walikuwa wamekufa. Mabinti wao walisimama badala yao. Wakaanza kuchimbua.

Ndani walikuwa wanafunzi wakijisomea mtihani. Walinzi walipoona wanawake, walifunga mlango mkuu kwa mnyororo, wanafunzi wakiwa ndani, wakatoka na marungu na mbwa. Mama mmoja alipigwa mkono ukavunjika juu ya kiwiko, mfupa ukatokeza. Hakuachia mtalimbo, aliushika kwa mkono wa pili. Ndipo vijana wa sokoni, ambao hawakuitwa na mtu, walipofika na mapanga na mitungi. Mlinzi mmoja alikatwa vidole vitatu. Mbwa alipasuliwa tumbo akajiburuta kwenye maua ya chuo. Mawe yakavunja vioo vya roshani, wasichana wakapiga kelele ndani, na mtu mmoja nje akawa anaita petroli. Aliyeita petroli anajijua. Ni mshirika wa kanisa.

Habari zilimfikia Ndululu akiwa shambani kwake. Alifika kwa pikipiki, hana hata shati la heshima. Hakutazama mapanga wala mbwa. Alitazama chini ya ukuta. Mawe mengi yalikuwa yametoka, meno ya ukuta yameng'olewa, na juu yake lipu ya ndani ilikuwa imeanza kuchora ufa mpaka kwenye roshani. Alilijua jengo lile kama mgongo wake. Ukuta ule ukilala, roshani ingelala nao, na wanafunzi wote wangelala juu ya rafu, na sakafu ya tangi ingewameza.

Alimpigia Syokau magoti mavumbini. "Mwaitu, acha! Ukuta huu umebeba watoto!"

"Na mimi nilibeba ukuta," Syokau alisema, hakuinua kichwa. "Toka."

"Watakufa ndani."

"Wangu alikufa chini yake. Wewe ulisema mpaka nyumba ianguke. Basi naiangusha, ili usiwe mwongo."

Ndululu alinyosha mkono. "Nipe mtalimbo."

"Wa nini?"

"Nikupe maji yako."

Mama yule alimpima kwa macho kama mtu anayepima kitambaa, akampa. Ndululu alisogea mpaka mahali Abubakar alipopitisha bomba, akaanza kuipiga ile zege. Aliipiga kwa nguvu zote za ile miaka mitatu. Wanawake walisimama wakitazama. Hakuna tena aliyegusa jiwe. Mlinzi mmoja alimpiga rungu la mgongo, naye Ndululu akaendelea.

Walio ndani hawakuyaona hayo. Walisikia tu kwamba kugongwa kulikokuwa kudogo dogo sasa kumekuwa kukubwa, na ukuta unatikisika. "Wanaingia! Wanatuchoma!" mmoja akapiga yowe. Kwenye roshani alikuwa kijana wa mwaka wa tatu, Mutiso, mjukuu wa Syokau, wa kwanza katika boma lao kufika chuo kikuu. Kupitia dirisha lililovunjika aliona mgongo wa mtu anayevunja ukuta. Aling'oa kizimamoto kilichokuwa kimetundikwa, akakiinua kwa mikono miwili, akakiangusha chini kwa nguvu.

Kilimpata Ndululu upande wa kulia wa kichwa na bega. Wakati huo huo zege ilikuwa imeachia. Maji yaliruka kutoka ukutani yakamgonga kifuani, akaanguka ndani yake, na yakapita juu ya uso wake na kushuka njiani yakiwa na damu.

Syokau aliinua macho kwenye dirisha. "Mutiso? Ni wewe?"

"Susu... nilidhani wanatuua."

"Shuka," Syokau alisema. "Shuka uone umepiga nani."

Wanawake walimfunga Ndululu kichwa kwa leso zao, saba au nane, na zote zikalowa. Hakuna mama aliyeteka maji hayo. Vijana waliteka. Walisogeza miguu ya mtu aliyelala ili mitungi ikae vizuri, wakajaza yale mekundu, wakaenda nayo nyumbani. Msiseme ukame uliwafanya. Ukame huleta kiu. Hauvui mtu utu wake asipouvua mwenyewe.

Alipasuliwa kichwa Nairobi, akalala bila fahamu wiki kadhaa. Alipozinduka mkono wa kushoto ulikuwa umekufa, jicho la kulia halioni, na kifafa kilikuwa kimemwingia. Kilimwangusha jikoni, kanisani, barabarani. Mara moja kilimwangusha penye moto, na Mama Katunge alimtoa nyama ya mkono ikiwa imeiva. Mtu aliyekuwa na nguvu za kuinua jiwe la ukuta peke yake alifungwa vifungo vya shati na mkewe. Katika maumivu alitukana, na mara nyingine alimpiga mkewe kwa mkono mzima asijue. Mama Katunge amesema isomwe pia kwamba alimsamehe kila mara, na kwamba haikuwa rahisi.

Chuo kilimshtaki kwa uharibifu wa mali. Machi 2023 alisimama kizimbani Kitui, kichwa kimenyolewa, kovu likionekana.

"Ulivunja ukuta wa maktaba?" hakimu akamuuliza.

"Nilivunja, mheshimiwa. Na nilisumbuka, maana niliujenga vizuri."

Mahakama ilicheka, hakimu naye akainamia meza. Siku hiyo hiyo, alipoulizwa juu ya Mutiso, aliyeshtakiwa kwa kumjeruhi, Ndululu alisema kijana aliona mvunjaji wa ukuta akampiga, na hata yeye angempiga. Akaongeza kwamba wenye mnyororo ndio waliopaswa kusimama pale. Kesi zote mbili ziliondolewa kabla ya mwaka kuisha. Akina mama walirudisha mawe, naye akiwa amekalia kiti alimwelekeza fundi kwa mkono mmoja, akimkaripia kama zamani. Abubakar alifunga bomba jipya. Linafunguliwa asubuhi na jioni kwa kila mwenye chombo, na sasa jambo hilo limeandikwa.

Mwisho wa mwaka jana, alipozidiwa, ukoo ulikutana hapa nyumbani. Wazee walisema Ndululu akifa, atakuwa ameuawa na mkono wa Mutiso, na damu lazima ilipwe. Mwanawe wa kwanza, aliyepewa jina la yule kaka, Mutisya, alisema yeye hataki ng'ombe. Alisema siku ya mazishi Mutiso akikanyaga boma hili, atazikwa yeye pia, na shimo moja litatosha.

Ndululu alikuwa kwenye godoro. Maneno yake yalikuwa yanatoka kwa shida, na wote waliokuwepo ni mashahidi.

"Kaka yangu alilipwa. Ng'ombe walikuja. Mimi nilikaa kwa hiyo shimo peke yangu na yeye juu yangu, na hao ng'ombe hawakunitoa." Alipumzika. "Mutisya."

"Nau."

"Nani alisema huyo kijana ana hatia?"

"Kichwa chako kimesema."

"Kichwa changu ni changu. Mimi nilinyamaza miaka mitatu, ndiyo bibi yake akabeba mtalimbo. Sasa wewe hesabu hiyo damu kuanzia hapo." Kisha akasema, "Jina lake lisomwe na ya watoto wangu."

Mutisya alitoka nje akapiga mlango kwa ngumi mpaka mkono ukavimba. Tangu siku hiyo mpaka leo asubuhi hakuna aliyejua atafanya nini, na ndiyo sababu wazee waliomba mapanga yote yawekwe ndani kabla ya watu kufika. Shimo limechimbwa kwa majembe ya kanisa, na yanahesabiwa.

Marehemu alishikwa na kifafa Jumapili tarehe 9 Februari 2025 alfajiri, akafariki nyumbani Migwani mikononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Chuo Kikuu cha Itumba kimeleta barua ya kutaka maktaba iitwe kwa jina lake. Familia inashukuru na inakataa. Wanawake wawili walikufa shimoni kabla yake, na majina yao hayajaulizwa na mtu.

Ameacha mjane, Mama Katunge Ndululu. Ameacha watoto: Mutisya, Mwongeli na Mutindi, na wajukuu watano. Ameacha dada wawili huko Ikutha, na rafiki yake Abubakar na nyumba yake yote ya Mwingi. Ameacha akina mama wa mwethya wa Wikwatyo, pamoja na mkubwa wao Syokau, aliye hapa kwenye kiti.

Na ameacha Mutiso, mjukuu wa Syokau.

Yuko nje ya lango tangu saa mbili, hajaingia. Jina lake limesomwa kama ilivyoagizwa. Mutisya, wewe ndiye mkubwa wa boma hili sasa, na hakuna mwingine wa kufungua lango hilo. Watu wote watangoja. Mwili hautashushwa kabla hujarudi, na hutarudi peke yako.

Gedion Ndululu Muindi, lala kwa amani, na sisi uliotuacha tuitafute.